Kwa Mkono wa Mpangaji

Jumanne asubuhi Dolina Gillanders alikuwa nyuma ya nyumba yake akianika mashuka manane ya kasri, na Bwana Hesketh, msimamizi wa mashamba, akaja na barua. Upepo ulikuwa mzuri, visubi walikuwa wamekimbia, na shuka la tano lilikuwa na doa la mvinyo lililokataa kutoka hata kwa chumvi. Dolina alikuwa na vibanio viwili mdomoni, kwa hiyo hakusalimu. Hesketh aliiweka barua juu ya kapu la nguo, akaibana isipeperuke, akaondoka akikwepa matope kwa ajili ya viatu vyake.

Barua ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, Ijumaa saa nne asubuhi Torquil Balvarran, Erli wa tisa wa Strathorran, angepokea udongo na jiwe la bonde la Orran, na Dolina alitakiwa awe shahidi. Mila ilitaka shahidi awe mpangaji mwenye asili ya bonde, na katika bonde zima asili hiyo ilikuwa imebaki yeye peke yake. La pili, baada ya hapo nyumba yake ingehitajika. Alipewa muda mpaka Sikukuu ya Mtakatifu Martin, mwezi wa Novemba, awe amehama. Nyumba ingekuwa ya wageni, na nje lingewekwa beseni kubwa la maji moto ili watu waoge huku wakitazama kondoo.

Dolina alikuwa na miaka sitini na sita. Alizaliwa katika nyumba hiyo. Mama yake aliifulia kasri humo mpaka magoti yakamkatalia, kisha Dolina akaifulia kwa miaka arobaini na tisa. Erli mzee alimwahidi kwamba angekaa mpaka afe. Aliahidi kwa mdomo, ameegemea mlango, anakula skonzi za Dolina. Sasa Erli mzee alikuwa kaburini tangu Juni, na neno la mdomo lilikuwa limekwenda huko pamoja na mdomo wenyewe.

Inafaa kueleza hapa Balvarran ni watu gani, maana wao wenyewe wameandikisha vitabu vitatu juu ya jambo hilo na vyote vitatu ni vya uongo.

Wa kwanza wao, Gilbert, alikuwa bawabu. Siku ya karamu, bwana wake akiwa amekaa kula, Gilbert aliwafungulia lango maadui wa bwana wake, na kabla mchuzi haujapoa mfalme alikuwa na kichwa cha yule bwana na Gilbert alikuwa na bonde la Orran. Akaitwa Baroni. Bonde lilikuwa na watu, lakini hati aliyopewa haikuwataja. Ilitaja samaki wa mtoni, kulungu, na haki ya kunyonga. Mjukuu wake alibadili dini mara tatu katika mwaka mmoja, na ile ya tatu ndiyo iliyolipa. Akawa Vaikaunti, cheo kinachopita cha Baroni. Aliyefuata alikuwa na homa siku Bunge la Scotland lilipopiga kura ya kujifuta na kuwafuata Waingereza. Alibebwa kwa machela akaseme ndiyo, akarudishwa akiwa Erli, cheo kinachopita cha Vaikaunti, na homa ikapona njiani. Aliyekuja baada yake alikusanya vijana mia mbili wa bonde akampelekea mfalme vitani. Walirudi kumi na mmoja. Yeye, ambaye hakuvuka hata mto, alishonewa nishani ya ushujaa kifuani.

Halafu akaja Erli wa tano, ambaye vitabu vinamwita Mwendelezaji. Huyu aligundua kwamba kondoo halalamiki. Kijiji cha Achorran kilikuwa na nyumba thelathini na nne, na mwaka 1819 aliwafukuza watu ili apate malisho, akazichoma zote paa ili wenyewe wasirudi. Wengine walipanda meli za Canada. Wengine walisukumwa ufukweni kwenye mawe, wakabeba mwani migongoni miaka na miaka mpaka mawe yakazaa viazi. Nyumba ya Dolina ilikuwa huko ufukweni.

Ukumbini mwa kasri kuna picha za rangi za wote hao, na wote wana kidevu kimoja, yaani hawana.

Sasa ile mila. Zamani katika nchi hiyo mtu hakuwa mwenye ardhi mpaka achotewe udongo na jiwe pale pale shambani, awekewe mkononi mbele ya shahidi, na wakili aandike. Serikali iliacha mambo hayo zamani na karatasi zikatosha. Lakini Balvarran walikuwa wameiandika mila katika hati yao ya wakfu, kwa majivuno tu, na hati ya wakfu haifutiki. Kila mrithi alikuwa na siku moja. Kama jua lingekuchwa kabla udongo haujakaa mkononi, mrithi huyo angekula mapato na kulala kasrini, lakini maisha yake yote asingeweza kuuza kipande cha ardhi wala kumtoa mpangaji yeyote.

Ijumaa wakasimama kwenye kilima mbele ya kasri. Wakili alikuwa Bwana Pirie kutoka Edinburgh, mtu mwembamba mwenye miwani, amekumbatia daftari la ngozi ambamo mapokezi yote ya udongo yalikuwa yameandikwa tangu Gilbert. Hesketh alikuwa na jembe jipya. Torquil alikuwa na miaka thelathini na minne, amevaa kilti, ile sketi ya kiume yenye rangi za ukoo, na viatu vya michezo, na alikuwa amesimamisha simu yake kwenye vijiti vitatu ijirekodie. Alikuwa na mpango wa kuwaonyesha wageni.

"Dolina. Karibu sana," alisema. "Na tafadhali, hayo mambo ya Bwana Erli tuyaache. Niite Torquil tu."

"Nitakuita bwana mdogo kama siku zote," Dolina alisema. "Nimekufulia nepi wewe. Jina lako silihitaji."

Pirie aliisoma hati kwa sauti kama ilivyotakiwa, mpaka pale penye jua kuchwa na wapangaji. Hesketh akachota udongo, akaumimina katika kiganja cha Torquil, na udongo ukapita.

Haukupenya kati ya vidole. Ulipita katikati ya kiganja, ukatua kwenye nyasi chini yake, rundo dogo. Kiganja kilibaki safi. Likafuata jiwe, nalo likapita, likamwangukia Hesketh kwenye kidole gumba cha mguu. Hesketh alisema neno alilojifunza jeshini. Pirie alitazama saa yake akaandika: saa nne na dakika sita, umepita.

"Imerekodi?" Torquil aliuliza.

"Imerekodi," Hesketh alisema.

"Turudie. Hapo nilikuwa nimefumba macho."

Walirudia mara kumi na moja. Walijaribu udongo wa kilimani, wa msituni, na ule mweusi wa kinamasi, na wote ulipita kwa mwendo ule ule. Walimwambia Torquil akunje ngumi, ukapita ngumi. Akavaa glavu, ukapita glavu na mkono. Mvua ya rasharasha ilipoanza ilimpita pia, na alikuwa mkavu wakati wengine wamelowa, jambo ambalo yeye alilifurahia.

Dolina alitazama udongo ukipita. Alikuwa ameielewa hati. Torquil alikuwa kijana mwenye afya, kila asubuhi anaogelea ziwani, na angeishi miaka mingine hamsini. Yeye Dolina alihitaji ishirini tu. Kama udongo ungeendelea kupita mpaka jua kuchwa, angefia kitandani mwake.

Mchana wakaenda kula. Torquil alikula ukumbini chini ya wale wasio na videvu. Dolina alipewa supu jikoni kwa Bozena, mpishi aliyetoka Poland miaka kumi na mmoja nyuma. Pirie akaja huko huko na daftari lake, kwa kuwa jikoni ndimo kulikuwa na moto.

"Bi Dolina," alisema akifunua kurasa, "hawa Gillanders ni jamaa zako?"

"Soma nisikie."

Pirie akasoma. Balvarran wa pili alikuwa London siku yake, akapokea udongo kwa mkono wa Donald Gillanders, mpangaji. Wa nne alikuwa kwenye machela, akapokea kwa mkono wa Alasdair Gillanders, mpangaji. Mwingine alikuwa kwenye kamari mjini Bath, mwingine alikuwa na jongo, na Erli mzee, baba yake Torquil, alikuwa na miadi ya daktari wa meno, akapokea kwa mkono wa Hector Gillanders, mpangaji. Katika miaka karibu mia nne hakuna Balvarran hata mmoja aliyewahi kuushika udongo wa Orran kwa mkono wake. Torquil alikuwa wa kwanza kujaribu, kwa sababu ya ile simu.

"Hector ni baba yangu," Dolina alisema. "Hakutuambia."

"Na huyu hapa, 1819, mwezi wa tano. Kwa mkono wa Murdo Gillanders, mpangaji wa Achorran."

"Achorran ilichomwa mwezi wa tano."

"Tarehe ishirini na moja," Pirie alisema. "Mapokezi ni tarehe tisa."

Bozena akaacha kukoroga sufuria. Dolina alimjua Murdo kwa masimulizi. Alikuwa babu wa babu yake, aliyembeba mama yake mgonjwa kutoka ndani ya nyumba inayowaka akampeleka ufukweni. Hakuna aliyewahi kusimulia kwamba siku kumi na mbili kabla, mtu huyo huyo alisimama kilimani amenyoosha mkono, akiambiwa ni heshima kubwa. Hasira ilimpanda Dolina mpaka masikio yakawaka. Aliimaliza supu kwa sababu Bozena alikuwa ameipika.

Pirie alikuwa mtu mwangalifu. Kabla ya kumwomba Dolina, alitaka kujua ni mkono wa nani unaofaa. Alimwita Torquil, wakatoka uani nyuma ya jiko. Hesketh akawekewa udongo, ukapita. Pirie akajiwekea mwenyewe, ukapita, naye akajifuta vidole kwa mazoea ingawa vilikuwa safi. Bozena akawekewa, na mwingi ulipita, lakini uliobaki ungetosha kikombe kidogo cha kahawa. Bozena alikuwa na tuta la figili karibu na bomba.

"Huo ni nusu," Torquil alisema. "Hautoshi?"

"Hati inasema mkono uliojaa," Pirie alisema. Akaandika daftarini kwamba udongo hukaa kwa aliyeulima, kwa kadiri alivyoulima.

Wote wakamgeukia Dolina. Yeye alikuwa ameshatia mikono yote miwili katika mifuko ya aproni.

"Dolina," Torquil alisema, "lakini hii ni nzuri sana. Vizazi vyote hivyo, ukoo wako na wetu, bega kwa bega. Wageni watalia. Tutakupa cheo. Mshika Udongo wa Kurithi wa Strathorran. Na beji."

"Beji ina nini?" Bozena aliuliza.

"Mkono, nadhani. Wa fedha."

"Na nyumba?" Dolina aliuliza.

Torquil alijikuna shingo. Hakuwa mtu wa kupenda kuudhi. "Nyumba ndiyo ngumu kidogo. Beseni limeshaagizwa, unaona. Linatoka Denmark."

"Basi mwambie beseni likushikie udongo."

"Bi Dolina, usiwe mbishi," Hesketh alisema.

"Mimi si mbishi, Bwana Hesketh. Mimi ni shahidi. Si ndivyo ulivyoniandikia? Nipo nashuhudia."

Alikaa juu ya ukuta wa mawe mchana kutwa, mikono mifukoni. Walimletea chai, akamwomba Bozena amnyweshe. Walimletea wiski ya Erli mzee, ile ya miaka thelathini, na hiyo nayo Bozena alimnywesha. Torquil alijaribu mara nyingine tisa, amechoka, mkono umenyooshwa, na udongo ukapita mara tisa. Simu iliishiwa chaji. Hesketh alisema huenda mrithi angejifunza kulima. Torquil akapewa jembe, akalima kwa robo saa mpaka akapata lengelenge, lakini udongo aliolima ulirudi mahali pake nyuma yake hatua kwa hatua, na nyasi zikasimama tena.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, jua likaingia nyuma ya mlima wa Ben Orran.

Kwa watu wa bonde hilo, jua likiingia nyuma ya Ben Orran limekuchwa. Kuku wanaingia bandani, nguo zinaanuliwa, na hakuna aliyewahi kutazama karatasi kulijua hilo. Ndivyo walivyohesabu tangu kabla ya Gilbert. Dolina alishuka ukutani, akatoa mikono mifukoni, akavinyoosha vidole vilivyokufa ganzi.

"Basi," alisema. "Limekuchwa."

"Ndiyo, jioni imeingia," Pirie alisema. Mfukoni alikuwa na kijitabu cha majira ya jua kilichopigwa chapa na serikali, na hakukitoa. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa kuifanya.

Dolina alishuka kwenda ufukweni kwa miguu, na njia nzima alikuwa na furaha iliyomtia hata haya. Aliwaza kupaka jiko rangi. Manjano, labda. Alipofika alibadili viatu, akachukua uma wa kuchimbia, akaenda kumalizia tuta la mwisho la viazi kabla umande haujashuka. Alikuwa amejaza ndoo moja na nusu wakati gari la kasri liliposimama mbele ya mlango.

"Tumekuja kukuaga vizuri tu, bila kinyongo," Pirie alisema. "Na kama hutajali, bwana angependa picha moja. Yeye na wewe, shambani kwako. Ukumbusho."

"Nina matope mwili mzima."

"Ndiyo vizuri," Torquil alisema, na yeye kwa hakika hakujua lolote. Ni katika watu ambao hawaambiwi, ili walale usingizi. "Ilikuwa siku nzuri, Dolina. Ulinishinda. Hongera."

Dolina aliona hakuna ubaya. Mtu akishinda anaweza kuwa mwema. Wakasimama wote wawili kwenye kizingiti cha mlango, ambacho ni bapa la jiwe, naye Torquil akanyoosha mkono kama alivyokuwa amefanya kutwa. Hesketh alichomeka jembe katika tuta la Dolina, akainua udongo mweusi uliolainishwa kwa mwani wa miaka mia mbili, na ndani yake kulikuwa na kiazi kikubwa kimoja. Akaumimina.

Kiazi na udongo vikaupita mkono wa Torquil. Kiazi kikianguka juu ya jiwe kinachubuka, na kilichochubuka kinaoza na kuozesha gunia zima. Mikono ya Dolina iliyajua hayo kuliko yeye mwenyewe. Ilitangulia. Ilidaka kiazi na udongo wake wote, konzi mbili zilizojaa, na udongo ukakaa.

Pirie akatazama saa.

"Saa moja na dakika kumi na nne," alisema, akaanza kuandika akitamka. "Dakika nne kabla ya jua kuchwa. Umepokelewa kwa mkono wa Dolina Gillanders, mpangaji, kwa niaba ya Erli."

"Jua limekuchwa zamani," Dolina alisema.

Pirie alitoa kijitabu akamwonyesha mstari. "Hilo ni jua la kwenu, Bi Dolina. Hati inafuata la serikali."

"Sikushika kwa niaba ya mtu. Nimedaka kiazi."

"Hati haiulizi nia. Inauliza mkono."

Dolina alisimama na udongo wake. Angeweza kuutupa, na baada ya kitambo aliutupa, taratibu, juu ya tuta, lakini ilikuwa imeshaandikwa. Torquil alichukua muda kidogo kuelewa, kisha uso ukamng'aa.

"Kumbe! Dolina, umetuokoa kweli," alisema, akampa mkono kwa uchangamfu. Mkono wake ulitoka safi.

Sikukuu ya Mtakatifu Martin ilipofika Dolina alihamia mjini, chumba cha halmashauri kwenye ghorofa ya tatu. Kilikuwa na joto na lifti ilifanya kazi. Udongo uliokuwa karibu ni wa makaburi ya kanisa, ng'ambo ya barabara. Beseni lilifika kutoka Denmark mwezi wa pili na wageni wakasifu sana mandhari.

Balvarran hawakuona sababu ya kuficha lile jambo. Kila Jumamosi saa tano Torquil humiminiwa udongo wa Orran mbele ya wageni, ukampita, kisha watu hupewa chai. Watoto huomba arudie. Mawakili wa koo nyingine tatu kubwa walikuja kutazama, wakakaa nyuma kimya, na waliporudi makwao waliwashauri mabwana zao wasiguse chochote shambani. Torquil alichapisha kitabu cha nne cha historia ya ukoo. Ndani yake kuna sura nzima juu ya urafiki kati ya Balvarran na Gillanders.

Mwaka wa pili mke wa Torquil alijifungua mtoto wa kiume, Vaikaunti tangu alipozaliwa, na wiki chache baadaye Dolina akapata barua ya Pirie. Iliandikwa kwa adabu. Ofisi ilikuwa ikitazama mbele, ilisema. Je, Bi Dolina alikuwa na ndugu wa damu, kijana zaidi, ambaye angependa kuishi Orran? Kulikuwa na vyumba viwili nyuma ya zizi la farasi, vikavu, bila kodi, na nyuma yake kipande cha ardhi. Kama ndugu huyo angependa bustani, ofisi ingefurahi.

Dolina aliificha barua nyuma ya saa ya ukutani kwa siku tisa. Alikuwa na mtoto wa kaka yake, Ishbel, aliyekuwa Glasgow na watoto wawili katika chumba kimoja chenye ukungu unaopanda ukutani. Mdogo alikuwa akikohoa tangu alipozaliwa. Ishbel alikuwa kwenye orodha ya nyumba za halmashauri mwaka wa sita. Siku ya kumi Dolina alipiga simu.

Alimweleza yote, toka Murdo mpaka kiazi. Ishbel alisikiliza, mtoto akikohoa karibu na simu.

"Kwa hiyo ni bure kabisa, shangazi? Hakuna sharti?"

"La kwao hawajaliandika. La kwangu ni moja. Usilime. Usipande hata kitunguu. Mboga utanunua dukani."

"Shangazi, huyo mrithi ana miezi miwili. Hata meno hana."

"Atapata meno. Nimesema usilime."

"Sawa, shangazi. Silimi. Mimi na jembe wapi na wapi?"

Ishbel alihamia Orran mwezi wa tatu. Wiki ya pili kikohozi cha mtoto kikakatika, na kila Jumapili alipiga simu kusimulia: wamemwona kulungu, maji ni matamu, Erli amewasalimia na kuwauliza kama wanahitaji chochote. Jumapili moja ya Juni alianza kuzungumza kwa kuzunguka zunguka, mara hali ya hewa, mara shule, na Dolina akamwambia aseme.

"Usikasirike basi. Ni watoto. Tulikuwa na viazi vimechipua kwenye mfuko, wakasema kuvitupa ni dhambi, tukavifukia pale nyuma. Si kulima, shangazi, ni kufukia tu. Vimeshika, yaani ungeviona."

Dolina alikuwa amesimama dirishani. Chini barabarani watu walikuwa wakitoka kanisani.

"Matuta mangapi?"

"Mawili. Lakini majani yanaanza kuwa manjano kidogo, sijui kwa nini."

Dolina aliyatazama makaburi ng'ambo ya barabara. Kisha Ishbel akamsikia shangazi yake akimuuliza, kwa sauti ya chini, kama walikuwa wameviwekea mwani.